Hadubini Inapoonyesha Ukungu

SWALI: Seli za ngozi ya kitunguu naziona vizuri kwa lenzi ya mara 10, lakini nikigeuza ya mara 40 kila kitu kinafunikwa na ukungu. Nakosea wapi?

JIBU: Huenda lenzi yako haina kasoro yoyote. Hakikisha kwanza kwamba slaidi, yaani kipande cha kioo kinachobeba seli, haijageuzwa juu chini, kwa maana lenzi ya mara 40 hukaribia kielelezo kwa chini ya milimita 1, na kioo chembamba cha kufunikia kikiwa upande wa chini, unene wa slaidi yenyewe huizuia kufika panapostahili. Kosa hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Anza na lenzi ndogo, weka seli katikati, ndipo ugeuze, na kuanzia hapo usiguse tena skrubu kubwa ya kurekebisha umbali wa lenzi, bali zungusha ile ndogo polepole. Kwa kuwa seli za kitunguu karibu hazina rangi, punguza uwazi wa diaframu (tundu la kupitisha mwanga chini ya slaidi) mpaka kuta zake zijitokeze kama mistari myeusi. Ukungu ukiendelea, futa lenzi kwa karatasi laini ya lenzi, kwani huenda iliguswa na maji ya slaidi.