Pankeki nne tu zilinitoa jasho

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni chakula gani kila mtu anakiita rahisi ila wewe kilikusumbua, na ulikuja kugundua kosa liko wapi. Nilitaka nipite kimya maana jibu langu linatia aibu kidogo, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, lakini basi ngoja niseme. Pankeki. Pankeki za viungo za asubuhi, nne tu. Na hiyo nne tu ndo ilikuwa ugonjwa wenyewe.

Maana za watu wengi nazipika vizuri. Nyumba ikijaa nachota unga vikombe vinne, mayai manne, viungo naweka kwa jicho, nakoroga huku napiga stori, zinatoka nzuri watu wanakula na kuulizia kama zipo nyingine. Sasa tulipobaki wawili ndani, mi na binti yangu wa mwisho, nikaona kwa nini nipike mlima halafu zikae mpaka zikauke, nikawa nachukua risipi ileile naigawa. Vikombe vinne inakuwa nusu kikombe, simpo. Kumbe sio simpo hata kidogo. Siku nyingine zinatoka ngumu kama raba ya kufutia, siku nyingine zinanuka yai utadhani kimanda kimejificha kwenye unga, siku nyingine chungu tu bila maelezo. Nikalaumu unga, nikalaumu jiko, nikalaumu fraipani, nikanunua nyingine. Wapi!

Siku iliyonifungua macho ni ya karafuu. Nilikuwa na karafuu ya kusaga nimeipata mpya, inanukia, nikatia kijiko cha chai kama nusu hivi, ndo kiasi ambacho mkono wangu umezoea, kwenye bakuli la nusu kikombe cha unga. Binti akakata kipande, akatafuna polepole, akaweka uma chini, akatoa ulimi akaugusa na kidole. "Mama, ulimi wangu umelala." Nikacheka nikidhani ni maneno yake, nikala kipande cha kwangu, na ulimi wangu nao ukalala. Hakuwa anatia chumvi, karafuu ina mafuta yanaitwa eujenoli ambayo hata madaktari wa meno huyatumia kutuliza maumivu, na mi nimempa mtoto dozi nzima kabla ya saa mbili asubuhi.

Hapo ndo nikaelewa. Unga nilikuwa naugawa, mkono haugawi. Mkono unajua kubana kiasi kilekile uwe umesimama mbele ya beseni au mbele ya kikombe. Kwenye unga mwingi ukizidisha kidogo inamezwa, hakuna anayejua, lakini kwenye nusu kikombe kile kidogo ulichozidisha ndo chakula chenyewe. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu ni hilo, kosa halikuwa kwenye upishi, lilikuwa kwenye udogo, na kila kitu kilichokuwa kinaniharibikia kilitokea humohumo.

Chukua yai. Unga nusu kikombe, ambao ni kama gramu 60, unataka nusu yai, sasa nusu yai unalipataje, mi nilikuwa naona uvivu nalitia zima halafu nashangaa harufu. Dawa yake ni nyepesi mpaka inaudhi, unalipasua kwenye kikombe, unalipiga na uma mpaka ute na kiini viwe kitu kimoja, unachota vijiko vya chakula viwili visivyojaa sana, linalobaki unaweka kwenye friji utalitumia baadae. Ukiona hiyo kazi, tia kiini peke yake, pankeki inakuwa na ladha nzito nzuri ila haitumuki sana. Mi kwa kweli siku za wikiendi natumia kiini, siku za haraka ndo napiga na uma, najua wengine watasema kinyume.

Vipimo vyangu vya sasa hivi, kwa pankeki nne za upana wa kiganja, ni huo unga nusu kikombe, sukari vijiko vya chai viwili, beking pauda kijiko cha chai kimoja kisichojaa, chumvi ya kubana na vidole viwili, maziwa vijiko vya chakula sita, siagi ya kuyeyusha kijiko cha chakula kimoja, na hilo yai. Ukiwa na mtindi badala ya maziwa ni sawa tu, ila ukiwa mzito uulainishe kwa maji kidogo na uongeze beking soda ya kubana tu, kwa sababu soda inahitaji uchachu wa kupigana nao, ukiitia kwenye maziwa ya kawaida peke yake inabaki na ule uchungu wa sabuni. Na nadhani zile siku za "chungu bila maelezo" ni hiyo, nilikuwa nachanganya makopo mawili yanafanana.

Beking pauda nayo ichunguzwe. Kopo langu lilikuwa la zamani maana mtu anayepika nusu kikombe halimalizi leo wala kesho, likakaa linapoa. Chota kidogo tia kwenye maji ya moto, likichemka na kupiga povu kwa nguvu liko hai, likizama kimya limekufa, tupa. Hii kitu aliitengeneza Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham kule Uingereza, mwaka 1843, kwa sababu mkewe tumbo lilikuwa halikubaliani na hamira. Kila nikifungua kopo namuwaza huyo baba, wengine tunaletewa maua.

Sasa viungo, hapa naomba mnivumilie maana hapa ndo pana utamu. Kwa nusu kikombe cha unga mi natia mdalasini nusu kijiko cha chai, tangawizi ya unga robo kijiko, mbegu za iliki kutoka maganda mawili nazitwanga hapohapo, kungumanga nakwangua mara tatu nne juu ya bakuli, na karafuu punje moja. Moja. Nasaga na iliki kwenye kinu kidogo, maana nilishaapa karafuu ya unga haitaingia tena kwenye nyumba hii. Uzuri wa punje nzima ni kwamba inahesabika, huwezi kusema niliteleza mkono. Na iliki iliyokaa kwenye ganda lake ina harufu ambayo ya kopo ilishaipoteza zamani, utaona tofauti ukiwa bado unatwanga, binti anatoka chumbani mwenyewe bila kuitwa.

Lakini usivitie kwenye unga mkavu. Hili nililifanya miaka yote, unatia mdalasini kwenye unga, unakoroga, halafu unakula unasikia kama vumbi tamu. Harufu ya hivi viungo inakaa kwenye mafuta zaidi kuliko kwenye maji, kwa hiyo siku hizi nayeyusha ile siagi moto mdogo kabisa, ikishakuwa maji natia viungo vyote, nazungusha fraipani kwa mkono nikihesabu mpaka ishirini au thelathini, nikisikia harufu imepanda tu nazima na kumimina kwenye kikombe haraka. Usisubiri ibadilike rangi. Siagi ni kijiko kimoja tu, haina pa kujificha, sekunde kumi za ziada mdalasini unaungua na ukiungua hauokoleki, utaanza upya. Nimeshaanza upya mara kadhaa, ndo maana nasema.

Halafu iache ipoe kidogo kabla haijakutana na yai, vinginevyo yai linaiva kwenye bakuli. Na maziwa yasiwe yametoka kwenye friji muda huohuo, siagi ikigusa ubaridi inaganda vipunje vipunje na viungo vyako vinagandia humo, unapata pankeki ina madoa, doa moja lina mdalasini wote na kwingine hakuna kitu. Mi nayatoa maziwa kwanza kabla hata sijanawa uso.

Kukoroga nako nilikuwa nakosea kwa sababu ileile. Bakuli dogo, ukizungusha mwiko mara tatu tu kila kitu kimechanganyika, lakini mtu umezoea kukoroga mpaka mkono uchoke kwa hiyo unaendelea, na unga wa ngano ukikorogwa sana na maji unatengeneza gluteni, zile nyuzi zinazofanya mkate uvutike. Kwenye mkate tunazitaka, kwenye pankeki ndo ile raba. Siku hizi natumia uma, nazungusha kama mara kumi na mbili, madonge madogo madogo yakibaki nayaacha, yataiva yenyewe. Binti alikuwa anayaona anataka kuyaponda nikamshika mkono.

Ukimaliza liache bakuli dakika tano mpaka kumi. Unga unanywa maziwa, na mdalasini nao unakunywa, ukirudi utakuta limekuwa zito kuliko ulivyoliacha, usitishike, ongeza maziwa kijiko kimoja. Kijiko, sio kumimina kutoka kwenye jagi, nusu kikombe hiki! Liwe linadondoka kutoka kwenye kijiko kwa uzito, sio kutiririka. Na usiliache nusu saa ukaenda kufua, ile beking pauda ilishaanza kazi tangu ilipolowa, inamalizia ikipata moto, ukichelewa sana hewa yote imeshaondoka.

Moto ndo mwalimu wa mwisho na kwangu ndo aliyenichapa zaidi. Ukipika nyingi fraipani inapata muda wa kutulia, ukifika ya tano sita umeshaijua. Nne hazikupi huo muda, ya kwanza ikiharibika robo ya kifungua kinywa imeondoka. Mi naweka moto wa wastani kuelekea mdogo, naipa fraipani dakika tatu nne ikiwa tupu, ile ya chini nzito, kisha narusha tone la maji. Likitoa sauti na kukauka, sawa. Likijiviringa na kuanza kukimbia huku na huku kama gololi, kwa pankeki zenye sukari na viungo mi naona moto umeshapita, nanyanyua kidogo ipoe. Mafuta napaka kwa kitambaa cha karatasi, yasionekane yameogelea.

Na sasa kitu ninachojivunia. Kabla ya ile ya kwanza, nadondosha kijiko kimoja cha chai tu, kinakuwa kama sarafu kubwa. Hicho nageuza, nakipuliza, naonja. Kinaniambia moto ukoje na kinaniambia viungo vikoje, na bado bakuli lipo naweza kusahihisha, tangawizi haisikiki naongeza, chumvi imepungua natia. Wapishi wa nyama ya kusaga hufanya hivi kila siku, wanakaanga kipande waonje kabla ya kufinyanga zote, mi sijui kwa nini sikuwahi kuwaza kwenye pankeki. Tangu nianze hiyo sarafu sijapoteza hata moja.

Halafu usiangalie rangi. Risipi zote zinasema geuza ikiwa ya dhahabu, sasa hii ina mdalasini, ilikuwa ya kahawia hata kabla haijaona moto, utasubiri dhahabu gani? Angalia juu yake. Mapovu yanatokea, yanapasuka, na yale matundu yanabaki wazi hayajazibwa na uji, na ukingoni pamekauka hapang'ai tena. Kwangu hiyo ni kama dakika mbili. Ukiona matundu yanajifunga bado, tulia. Ukigeuza mara moja basi, usiibonyeze na mwiko, najua mkono unawasha lakini ukibonyeza unatoa hewa yote tuliyoihangaikia toka asubuhi, na upande wa pili dakika moja inatosha kabisa.

Zikitoka naziweka juu ya waya, sio kuzipanga kwenye sahani moja juu ya nyingine, maana mvuke unazilowesha za chini. Asali kidogo. Wengine wanapenda sharubati na siagi na ndizi, mi naona ukishaweka vyote hivyo karafuu yako punje moja uliitwanga ya nini.

Juzi Jumapili binti ndo kapika, mi nimekaa namwangalia tu nisiseme neno, na ilikuwa kazi kweli. Alidondosha sarafu yake, akaonja, akafumba macho, akatoa ulimi akaugusa na kidole akiniangalia. Nikasimama mbio. Akaanza kucheka.