Binti amechangamka, dawa ya tezi niiache?

Dada wa Arua, usiiache. Unasema binti yako alipimwa damu alipozaliwa, ikaonekana tezi yake ya shingoni haitoi homoni ya kutosha, akaanzishiwa levothairoksini (dawa inayojazia homoni hiyo), na sasa ana miezi 8, anatambaa, na mama mkwe anasema amepona. Anatambaa kwa sababu ya hiyo dawa! Ubongo unahitaji homoni ya tezi hasa miaka 3 ya kwanza. Ukikatisha sasa, hasara yake huenda isirekebishike.

Wangu, mwenye tatizo hilohilo, ana miaka 5. Alipokuwa mdogo nilikisaga kidonge kijikoni, nikakiloweka kwa maziwa ya mama kidogo, nikampa saa ileile kila siku. Usikitie kwenye chupa nzima, akibakiza hujui amemeza kiasi gani. Dawa za madini ya chuma au kalsiamu zipishane nacho kwa muda wa saa nne, na uji wa soya pia usiambatane nacho (hili la uji mimi niliambiwa nimechelewa).

Damu apimwe TSH na T4 (homoni zinazoonyesha kama dozi inatosha) kila miezi 2 au 3, maana dozi hufuata uzito. Nauli ya Kampala inauma, najua. Uliza kama sampuli inaweza kutolewa hapohapo Arua. Akifika miaka 3, daktari wa watoto ndiye ataamua kama dawa ijaribiwe kusimamishwa. Akilegea, akifunga choo au akilala kupita kawaida, usingoje tarehe ya kliniki.