Fisi maji na samaki wetu: majibu kwa wasomaji

Wiki mbili zilizopita niliandika sentensi moja tu, kwamba nimekuta nyayo za fisi maji, yule mnyama wa mtoni anayewinda majini, kwenye matope ya mto Weruweru. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja kutoka Kahe, Usa River, Tengeru, hata bwawa la Nyumba ya Mungu, na nyingi zina hasira. Nimechagua hizi.

Shikamoo. Nina bwawa la perege hapa Usa River, mita 10 kwa 20. Tangu mvua zikatike, kila asubuhi nakuta magamba na vipande vya samaki ukingoni. Mlinzi anasema ni fisi maji. Shemeji yangu anataka tutie sumu kwenye samaki mmoja tumtegee. Unasemaje?

Marahaba, na pole sana. Samaki umewalisha pumba miezi sita halafu mwingine anavuna usiku, inauma. Ila mwambie shemeji airudishe hiyo sumu dukani. Sumu haichagui: atakufa mbwa wa jirani, atakufa mwewe, na maji yakitoka bwawani kwako yanaingia mfereji ambao wa chini yako ananywesha ng'ombe. Tena kuua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kama hasara imezidi, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Halafu, mwizi umemjua? Jioni mwagia ukingo maji, ulainishe tope, asubuhi usome nyayo. Fisi maji wa mito yetu ana vidole vya mbele visivyo na kucha, alama yake inafanana na kiganja cha mtoto. Ukiona nyayo ndogo zenye kucha, huyo ni nguchiro wa majini, naye anapenda sana kusingizia wakubwa. Ukiona mburuzo wa mkia katikati ya nyayo, ni kenge. Na samaki wakipungua bila kubaki hata gamba moja, basi kaa na mlinzi wako mzungumze vizuri.

Akiwa ni fisi maji kweli, dawa ni uzio. Zungushia wavu wa chuma imara, si ule wa vifaranga unaooza msimu mmoja. Ufike kifuani kwa mtu mzima, chini uufukie na kuukunja kuelekea nje, kwa sababu yule bwana anachimba. Juu nako ukunje kwa nje asipande. Usisahau bomba la kuingizia maji na la kutolea, maana ndiyo milango anayoipenda. Ndani ya bwawa tupia vipande vya mabomba na matofali yenye matundu ili perege wapate pa kujificha. Na wakifika uzito wa kuuza, vua. Bwawa lililojaa samaki wakubwa ni sahani iliyopakuliwa.

Mbwa? Mimi nilimweka mbwa. Alilala.

Mimi ni kijana wa Kahe, navua kwa ndoana. Zamani mtu alirudi na kambale wawili watatu, sasa hivi unakaa kutwa unaambulia jua. Wazee wanasema fisi maji wamemaliza mto. Tuwasake?

Mdogo wangu, nawaheshimu wazee, lakini hapa nawapinga.

Fisi maji tuliye naye huku, asiye na kucha, ni mnyama mzito, kilo 10 hadi 18 hivi, na ukimwona unaweza kudhani anakula ndoo nzima ya samaki. Sasa nenda kwenye jiwe au chini ya mti ukingoni anapozoea kujisaidia, maana hurudi palepale. Chukua kijiti uchokonoe. Utakuta vipande vya magamba magumu, vyekundu au vya kahawia. Hao ni kaa. Anapapasa chini ya mawe kwa vidole kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka, anawakamata kaa, anakula na vyura, na samaki pia akimpata, hasa yule mzito wa mbio kama kambale. Huko Afrika Kusini, kwenye milima ya Drakensberg, wavuvi wa trauti walikuwa na lalamiko kama lako. Watafiti wakapima vinyesi miaka ya 1970, wakakuta kaa ndio chakula kikuu hata kwenye mito yenye trauti.

Sasa nikuulize. Fisi maji ndiye aliyeleta vyandarua vya kuvulia vifaranga? Ndiye anayefungua mifereji kiangazi mpaka mto unabaki madimbwi? Ndiye anayeosha bomba la kupulizia nyanya mtoni? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila shughuli. Tembea mita 60 kutoka mto Kikuletwa pale kwenu uniambie umepita vitunguu vya nani na mahindi ya nani. Kambale anataga kwenye majani ya kingo. Kingo tukizilima, anataga wapi?

Kwa hiyo hapana, msiwasake. Mkimaliza fisi maji wote, kesho yake ndoana yako itakuwa nyepesi vilevile.

Fisi maji ni jamaa wa fisi?

Hapana. Ni jamaa wa nyegere. Jina tu.

Kaka yangu yuko Uingereza, ameniambia wavuvi wa kule wanawachukia fisi maji kuliko sisi. Wana shida gani, na samaki wanauziwa dukani?

Hapo nimecheka, lakini kaka yako hakudanganyi. Wengi wa wavuvi hao hawavui kwa ajili ya kitoweo. Wanalipia kuingia bwawani, wanamvua karpu mkubwa, wanampiga picha, wanamrudisha majini akiwa hai. Samaki mmoja anavuliwa mara nyingi, anapewa na jina. Mmoja aliyeitwa Benson, wa kilo 29 hivi, alipokufa mwaka 2009 magazeti yaliandika habari zake. Samaki wa namna hiyo huwa na thamani ya maelfu ya pauni, na fisi maji mmoja anaweza kumla usiku mmoja, tena akamwacha nusu.

Fisi maji wa kule ni wa aina nyingine, na samaki ndio chakula chake hasa, kilo moja hadi moja na nusu kwa siku. Karibu wapotee England miaka ya 1950 na 1960 kwa sababu ya viuatilifu vya mashambani, dieldrin hasa. Ukaguzi wa 1977 hadi 1979 ulikuta dalili zao kwenye takriban asilimia 6 tu ya maeneo yaliyopekuliwa. Sumu zikapigwa marufuku, uwindaji nao ukakatazwa mwaka 1978, mito ikasafishwa, wakarudi polepole, na kufikia 2011 walikuwa wameonekana kwenye kila kaunti. Kuna wavuvi wazee waliokulia kwenye mito isiyo na fisi maji hata mmoja, wakadhani ndiyo hali ya kawaida.

Mwenye bwawa la kulipia namwelewa, ni sawa na mama wa Usa River hapo juu. Wa mtoni simwelewi, wala wa Kahe.

Navua Nyumba ya Mungu. Nimesikia ngozi ya fisi maji ina soko. Ni kweli?

Usinitafutie kesi mimi wala wewe. Biashara yake kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na hapa nchini ngozi bila kibali ni jela. Vua perege.

Mimi ni mzee wa Machame. Utotoni tuliwasikia wakipiga miluzi usiku mtoni. Siku hizi kimya. Wamekwisha?

Shikamoo mzee. Hawajakwisha, zile nyayo za Weruweru nimeziona kwa macho yangu. Ila wamekuwa wa usiku zaidi kwa kukimbia watu na mbwa. Nenda kiangazi, alfajiri, mahali ambapo miti ya ukingoni bado imesimama na maji yana mawe. Angalia juu ya jiwe kubwa kuliko yote. Ukikuta vipande vya kaa vimekauka, wapo. Kaa wakiwa hawapo, mzee, hata usiwatafute.