Mabwawa ya Ruai yanaufanyia nini Mto Nairobi

Ndugu, umeuliza kama mabwawa ya majitaka kule Ruai, mashariki mwa Nairobi, yanasafisha kweli, au yanapitisha tu uchafu wa mji hadi mtoni. Yanasafisha, na wafanyakazi wakuu ni viumbe wasioonekana kwa macho.

Vyuma vya mlangoni huzuia matambara na plastiki, mchanga unatuama. Kisha majitaka huingia bwawa lenye kina kirefu, lisilo na oksijeni. Uchafu mzito unazama na bakteria wanauozesha. Bwawa linalofuata lina mwani. Mwani ukipata jua hutoa oksijeni, na bakteria wengine huitumia kumaliza uchafu uliobaki. Hapa ndipo mto unapookolewa. Uchafu huo ukimwagwa mbichi, kuoza kwake hufanyika mtoni, oksijeni inakwisha na samaki wanakufa. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu uliobaki isizidi miligramu 30 kwa lita. Mabwawa ya mwisho hayana kina, kwa hiyo jua linaua vijidudu vya magonjwa. Ndege wamejaa huko, nenda uone!

Mbona basi mto ni mweusi pale Gikomba na Korogocho? Mto hupita sehemu hizo kabla ya kufika Ruai. Mabomba yaliyopasuka na vyoo vilivyoelekezwa mtoni humwaga uchafu njiani, haufiki bwawani kabisa. Hilo linaniuma sana, maana watu wa chini, kuelekea Athi, wanamwagilia mboga kwa maji hayo hayo.