Ankara zinazoishia kwenye spamu

Dada wa Kibuye, unasema ankara zako za mabati na saruji zinaangukia spamu kwa wateja, na seva ya barua pepe umeiweka mwenyewe hapo dukani. Kichujio cha spamu kiache kwanza. Barua zako zinatoka kama mgeni asiye na kitambulisho.

Anza na rekodi ya SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako, kwenye DNS (daftari la majina ya intaneti), na iwe moja tu. Duka letu hapa Nakuru lilikuwa na mbili, ya zamani na mpya, zote zikianza na v=spf1. Kila moja ilikuwa sawa, lakini zikiwa mbili zinahesabiwa kosa. Nilimaliza wiki nikilaumu intaneti bure! Kisha weka DKIM, saini ya kidijitali kwenye kila barua, halafu DMARC, inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua zisizopita ukaguzi huo na kukuletea ripoti. Iwe ya p=none, yaani wasizuie kitu, usome ripoti kabla ya kukaza. Tangu Februari 2024, Gmail inadai angalau SPF au DKIM kwa kila mtumaji.

Anayekuuzia intaneti akuwekee PTR, rekodi ya DNS inayounganisha anwani ya IP (namba ya seva kwenye intaneti) na jina, na itaje jina la seva yako. Akikataa, au IP ikiwa ya kubadilikabadilika, usibishane naye. Pitishia barua kwenye seva ya kulipia.

Kwa barua zinazoingia, kichujio cha spamu kiitwacho Rspamd kinatosha, ila mwanzoni kisikatae kitu, kitenge tu kwenye folda. Oda ya shule iliyoandikwa haraka hufanana sana na utapeli.