Tuzo anapewa yeye, gitaa napiga mimi

*Shangazi, shikamoo. Mimi na shosti yangu tunajuana tangu kidato cha kwanza, tulilala kitanda kimoja cha bweni, yeye juu mimi chini. Mwaka jana tulianza kupiga nyimbo za kopi wawili tu, yeye anaimba, mimi napiga gitaa kavu. Kila Ijumaa tuko kwenye hoteli moja ya ufukweni. Wanatulipa shilingi 150,000, tunagawana nusu kwa nusu. Shida ni tuzo. Watu wakija kututunza, hela anashikishwa yeye, na zinaishia kwenye mkoba wake. Kuna siku zinafika 80,000, hajawahi kunipa hata nauli. Sijamwambia kitu, ila Ijumaa iliyopita nilipandisha kapo makusudi, sauti ikamkatikia katikati ya wimbo, watu wakaguna. Sasa anataka tuanze kutunga nyimbo zetu wenyewe. Nimwambie, au nijitoe kimyakimya?*

*Mpiga Gitaa, Mbezi*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hiyo kapo, maana umeitaja harakaharaka ukaipita. Kwa wasiopiga gitaa: ni kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa kubana nyuzi zote. Ukikisogeza juu, wimbo mzima unapanda, lakini vidole vya mpigaji vinapita njia ileile ya siku zote. Anayeteseka ni mwimbaji. Anaingia na ubeti wa kwanza vizuri, pengine hata hajashtuka, mpaka anafika kwenye kiitikio na kukuta ile sauti ya juu hana. Hapo hawezi kurudi nyuma, na watu wanamwangalia.

Wewe unajua sauti yake inaishia wapi kuliko mtu yeyote, kwa sababu umeisikiliza tangu bwenini. Ndiyo maana ulijua pa kumpiga. Na ndiyo maana sikubaliani na hilo la kujitoa kimyakimya. Kimya gani tena? Ugomvi umeshauanza mbele za wageni, mwenzako tu ndiye hajui kama anagombwa.

Kwenye hela una haki yako, sikatai. Mtu anayekutunza ameguswa na wimbo, na wimbo huo una sauti na una gitaa. Lakini mtazame huyo mgeni anavyoinuka mezani na noti yake. Anamfuata aliyesimama mbele, anayemwangalia machoni, ambaye mikono yake iko wazi. Wewe umekaa kwenye kiti, mikono yote miwili ina kazi. Akupe wapi? Labda akubandike kwenye paji la uso, na siku hizi wengi wanaona haya. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 alikuwa na wenzake, kina Mbaruku na Subeti. Jina la Siti hata watoto wa shule wanalijua. Hao wengine waulizie leo Kariakoo uone utapata nini. Macho ya watu yako kwa anayeimba, na shosti yako hakuyaiba.

Je, tuzo ameziiba? Sidhani. Hela ya hoteli naamini inaingia kwenye simu ya mmoja wenu, na huyo analazimika kumtumia mwenzake nusu yake. Hapo lazima mkumbukane. Noti ya mkononi haimlazimishi mtu kumkumbuka yeyote, hasa kama mwenziwe anacheka naye, anabeba gitaa lake na kumuaga “haya, kesho.” Halafu kuna jambo hukuliandika: nguo za jukwaani anashona kwa hela ya nani? Nywele je? Na nyuzi za gitaa zikikatika, unanunua peke yako? Usije ukakuta kila mmoja ana daftari lake kichwani, na kila mmoja anajiona ndiye anayedhulumiwa.

Mwite mchana, siku isiyo Ijumaa, mkiwa mmeshakula. Usimwandikie WhatsApp. Mwambie hivi: “Shosti, kuanzia wiki hii tuzo zote tuziweke pamoja, tutoe nauli na gharama, kinachobaki tugawane kama ya hoteli.” Basi. Za nyuma usizidai, maana ukianza kuhesabu Ijumaa zote hizo mtaishia kutukanana. Halafu wekeni kikapu mbele, katikati yenu, na yeye mwenyewe awaambie wageni kwamba tuzo zinawekwa humo. Na kabla ya wimbo wa mwisho akutaje jina. Hilo hujaliomba, ila barua yako yote inalilia.

Kutunga subirini kwanza. Mkishapatana kwenye hela za kikapu, kaeni muandike kwenye karatasi nani ametunga maneno, nani ametunga muziki, na mgao ukoje, mtie sahihi wote wawili, kisha mkasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usione aibu kwa sababu ni rafiki yako. “Malaika” ilirekodiwa na Fadhili William, Miriam Makeba akaifikisha mbali, na mpaka leo kuna wanaosema mtunzi ni Adam Salim. Mashabiki wanaendelea kubishana, na Fadhili mwenyewe ameshakufa. Nyimbo za kopi zina mwenyewe tayari, ndiyo maana hamjawahi kuzigombania. Wimbo wenu ukipendwa ndipo mtajuana.

Limebaki la kapo. Mwambie. Lakini usimwambie siku moja na la hela, ataona unanunua msamaha, au yeye ndiye atatumia kosa lako kulikwepa lake. Acha zipite Ijumaa mbili tatu, mgao ukishakaa sawa, umwambie wazi kwamba ulifanya makusudi na kwa nini. Atakasirika. Anaweza hata kukataa kupanda jukwaani na wewe wiki hiyo, na ukipiga peke yako usiku huo, tuzo zitakazoingia mpelekee nusu.

Shangazi