Ukinunua picha ya vipande vya mbao, tafuta mchoro wenye watu wengi

Watu wakiniuliza kuhusu zile picha za mbao zinazokatwa vipande ili uziunganishe upya, swali la kwanza huwa idadi. Ninunue ya vipande 500 au 1,000? Mimi huwarudishia swali: ndani ya picha yenyewe kuna nini? Kwa tulivyoona nyumbani kwetu hapa Dodoma, kinachoamua kama mchezo utamalizwa au utalala juu ya kabati ni mchoro. Idadi inafuata baadaye.

Chukua picha ya bahari na mawingu. Ukutani inapendeza sana. Imwage mezani uone: nusu nzima ni bluu, kipande hiki kinafanana na kile, na mtoto wa miaka tisa ataaga kabla chai haijapoa. Sasa chukua mchoro wa Pieter Bruegel uitwao Michezo ya Watoto. Bruegel alikuwa mchoraji wa Flanders, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ubelgiji, na mchoro huu aliumaliza mwaka 1560. Aliuchora kwa rangi za mafuta juu ya ubao, kwa hiyo kuuona tena juu ya mbao kunanifurahisha. Wenyewe uko Vienna, Austria, katika makumbusho ya Kunsthistorisches, na una upana wa zaidi ya mita moja na nusu. Ndani yake kuna watoto zaidi ya 200 wakicheza michezo zaidi ya 80, wametapakaa uwanjani, mtaani, mtoni na juu ya mapipa. Huu ndio uliokuja nyumbani kwetu kama zawadi, na ndio ninaoupendekeza kwa familia yoyote inayoanza.

Sababu yangu ni kwamba kila mtu atakayekaa mezani atakuta kitu anachokijua. Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Mvumi, alisema macho yake hayawezi vitu vidogo hivyo, akakaa pembeni na kikombe chake. Mjukuu akamsogezea kona ya chini kushoto iliyokwisha kuungwa, ambako wanawake wawili wameinamia kitu chini. Bibi akautazama mkono wa mmoja wao, akasema, “Hawa wanadaka. Si mdako huu?” Ni ndugu yake mdako kweli, ila wao wanatumia vifupa vya miguu ya wanyama badala ya kokoto. Tangu hapo kona ile ikawa yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa bila yeye. Wavulana nao walivutwa na watoto wa mbele wanaokimbiza pete za mapipa kwa fimbo, kwa sababu ringi za baiskeli wanazikimbiza wao wenyewe kila jioni. Binti yangu akachukua kona ya chini kulia, ambako msichana anakwangua tofali apate unga mwekundu wa kuuza katika duka lake la mchezo. Kuna pia mironjo, kuna wanaorukana migongoni, kuna anayesimama kwa kichwa. Ukiwa na watu wa namna hiyo mezani, huhitaji kumbembeleza mtu aendelee.

Kwa hiyo siku ya kwanza msiunge chochote. Tazameni picha iliyo kwenye boksi, mgawane maeneo, kila mtu aseme atamtafuta nani. Wengi wamezoea kuanza na kingo, na kwa picha za karatasi ngumu ni ushauri mzuri. Kwenye mbao mara nyingi hausaidii. Baadhi ya watengenezaji hukata kingo kwa namna ya kukupoteza: kipande cha pembeni kinaweza kukosa meno ya kushikana na jirani yake, na cha katikati kikawa na upande ulionyooka kabisa. Anzeni na watu. Tafuteni nguo nyekundu, kofia, pipa, mto ulio juu kushoto, mtaa mrefu unaokwenda mbali juu kulia. Ardhi ya uwanja, ile rangi ya mchanga inayofanana na uwanja wa shule zetu wakati wa kiangazi, iacheni mwisho. Watoto wakishakaa mahali pao, ardhi inajipanga yenyewe.

Utakuta pia vipande vilivyokatwa kwa umbo la samaki au ndege au mtu. Mpe mdogo kuliko wote avikusanye. Ni vipande vya thamani, kwa sababu jirani wa samaki lazima awe na ukingo wa samaki, hivyo kimoja kikipata mahali kinakuonyesha vingine vinne.

Sasa mambo ya hapa kwetu. Mwanga mzuri uko barazani, lakini upepo wa Dodoma unaujua. Kati ya Juni na Septemba hauleti vumbi tu, unaweza kubeba kipande chembamba ukakitupa kwenye mchanga, na kukipata tena ni kazi. Fanyieni ndani karibu na dirisha. Msiunge moja kwa moja juu ya meza mnayolia chakula. Nunua kipande cha hadibodi kinachozidi picha kwa kiganja kila upande, uwe unakisukuma chini ya kitanda wakati wa kula, kikiwa kimefunikwa kanga. Vipande ambavyo bado havijapata mahali vigawe kwa rangi kwenye masinia.

Mbao inaishi na hali ya hewa. Picha nyingi za siku hizi ni plaiwudi nyembamba iliyokatwa kwa leza, ndiyo maana kingo zake ni nyeusi na zinanukia moshi. Masizi yale yafute kwa kitambaa kikavu. Maji yataivimbisha plaiwudi, na picha itaanza kubanduka. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, huenda vipande vikabana kuliko vilivyobana Agosti. Usilazimishe, jino likivunjika halirudi. Likishavunjika, tone la gundi nyeupe ya seremala kwa kijiti cha meno linatosha. Na tafadhali, mkimaliza msiigundishe picha yote ukutani. Ivunjeni, hesabuni vipande, vitieni kwenye mfuko wa kitambaa, jirani naye aazime.

Kama bei ya dukani inakushinda, tengeneza. Mchezo huu wenyewe ulianza kwa mikono: miaka ya 1760 jijini London, mchonga ramani John Spilsbury alibandika ramani juu ya ubao na kuukata kwa kufuata mipaka, watoto wajifunzie jiografia. Fundi seremala yeyote mwenye msumeno mwembamba wa kukata kona anaweza kukufanyia hivyo kwa plaiwudi ya milimita 4. Chapisha picha kubwa na safi, ibandike, iweke chini ya kitu kizito usiku kucha, kisha ikatwe ikiwa imetazama juu ili vibanzi vibaki upande wa nyuma. Michoro ya karne ya 16 haina tena mwenye hakimiliki, basi Bruegel unaruhusiwa. Walimu nawashauri waanze na ramani ya mikoa yetu 31. Mtoto akiushika Mkoa wa Dodoma mkononi na kuupachika kati ya Manyara, Morogoro, Iringa na Singida, hausahau.

Ninaulizwa pia kama michoro ya miambani ya Kondoa inaweza kukatwa hivi, na jibu ni ndiyo, kwa tahadhari. Michoro ile iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na ukifika Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa kwenye barabara ya Babati, unaweza kwenda na mwongozaji ukapiga picha yako mwenyewe. Usiguse mwamba, wala usimwagie maji ili rangi zing'ae. Ila ujue kwamba kwa mchezo huu ni picha ngumu: watu ni wembamba, wekundu, wachache, na jiwe linalowazunguka ni la rangi moja. Usikate vipande vidogo. Mwambie fundi afuate miili ya watu wale, msumeno upite kiunoni na begani, kila kipande kibaki na alama nyekundu. Kwa watoto wadogo vipande 20 vya namna hiyo vinatosha.